Pitaya ya Jirani

Ikiwa umekulia katika nchi kavu kama mimi, yawezekana umekwisha kujiambia kwamba hakuna mtu wa kukufundisha habari za ukame. Mimi nilijiambia hivyo. Nimezaliwa Ugogo, mkoa wa Dodoma, mahali ambapo mvua ikianza Desemba na kufika Aprili watu husema mwaka umekuwa mwema. Najua mtama unavyonyauka. Najua kuchimba mchanga wa mto mkavu mpaka maji yaonekane. Basi nilipomfuata mume wangu mwaka 2008 kwenda kukaa katika mji wa Tucson, jimbo la Arizona, Marekani, nikatazama milima mikavu na vichaka vya miiba, nikasema moyoni: "Hapa ni kama kwetu. Hapa sina la kujifunza."

Leo nataka kukusimulia jinsi mmea mmoja wa jirani ulivyonikanusha. Nakusimulia pia jambo la aibu nililolifanya kwa ajili ya mmea huo. Sikulifanya kwa ubaya wa moyo. Nililifanya kwa kiburi kidogo na uchovu kidogo, na hivyo viwili vinapatikana katika kila nyumba.

NCHI KAVU YENYE BARIDI

Kwanza uifahamu nchi yenyewe. Tucson iko kusini kabisa mwa Arizona, si mbali na mpaka wa Mexico. Kimo chake ni kama meta 730 juu ya bahari, chini kuliko Dodoma. Mvua yake kwa mwaka mzima ni kama milimita 300 tu, yaani kama nusu ya mvua ya Dodoma. Huja kwa misimu miwili: ile ya ngurumo na mafuriko kuanzia Julai hata Septemba, na ile ya manyunyu wakati wa baridi. Mito yake ni mchanga mtupu karibu mwaka mzima, kama ya kwetu. Mwezi Juni joto hupita nyuzi 40 za Sentigredi, na mtu akishika kitasa cha mlango wa gari huungua mkono.

Tofauti na kwetu ni kipupwe. Dodoma mwezi Julai asubuhi utavaa sweta, na saa nne utaivua. Lakini Tucson kati ya Desemba na Februari kuna usiku ambapo maji katika bakuli la mbwa huganda yakawa jiwe, na nyasi huwa nyeupe kwa sakitu. Ndugu zangu wa Njombe na Makete mnaijua sakitu. Ndiyo ile inayounguza viazi usiku mmoja, asubuhi mkakuta majani meusi kana kwamba moto umepita.

Katika nchi hiyo inaota mimea iitwayo dungusi kakati. Mpungate unaouona katika nyua za kwetu ni jamaa yake; nao si mwenyeji wa Afrika, bali uliletwa na watu, maana karibu dungusi zote asili yake ni bara la Amerika. Usiichanganye na mnyaa wetu. Ukikata mnyaa hutoa utomvu mweupe kama maziwa, wa kuumiza macho. Hizo dungusi kubwa za Arizona zikikatwa hutoa ute na majimaji. Haina majani; mahali pa majani pana miiba. Shina lake ndilo ghala la maji, na vinyweleo vyake hufunguka usiku, wakati wa ubaridi, ili maji yasipotee kwa jua. Kwa hiyo ukiitazama mchana imesimama kama mtu aliyefunga mlango na madirisha akingojea jioni.

Iliyo maarufu kuliko zote huko ni saguaro, mrefu kama nguzo, mwenye matawi kama mikono iliyoinuliwa. Wenyeji wa nchi, Watohono O'odham, huchuma matunda yake mwezi Juni na Julai kwa upondo uliotengenezwa kwa mbavu za saguaro aliyekufa. Lakini dungusi nitakayokueleza ni nyingine. Hii haina shina moja. Inatoa mashina mengi kutoka chini, yaliyosimama pamoja kama mabomba ya kinanda kikubwa cha kanisa, na kwa Kiingereza imepewa jina la kinanda hicho. Watu wa Mexico huiita pitaya. Kwao hasa ni Sonora, upande wa Mexico. Upande wa Marekani huota kwa wingi mahali pamoja tu karibu na mpaka, ambapo serikali iliweka hifadhi mwaka 1937 kwa ajili yake.

Kwa nini haikuenda mbali zaidi kaskazini? Si kwa kukosa jua, wala si kwa kukosa jangwa. Ni baridi. Saguaro ana mwili mnene, huvumilia sakitu kiasi. Pitaya ina mashina membamba, na ncha zake ni laini kama utosi wa mtoto mchanga. Huko porini hukaa kwenye miteremko ya mawe inayoelekea kusini, maana kule jua la kipupwe hupita upande wa kusini, na mawe hushiba joto mchana yakalitoa polepole usiku.

BIBI NA BUSTANI YAKE

Jirani yetu wa ukuta kwa ukuta alikuwa mjane mzee, mzaliwa wa Sonora. Tulionana naye mara ya kwanza kwenye Misa katika kanisa la San Xavier del Bac, lililo kusini mwa mji katika nchi ya Watohono O'odham. Misioni hiyo ilianzishwa na Padre Eusebio Francisco Kino, Mjesuiti, mwaka 1692, na kanisa jeupe lililopo leo lilijengwa kati ya mwaka 1783 na 1797. Limepewa jina la Mtakatifu Fransisko Ksaveri, yule yule aliyetia nanga Malindi mwaka 1542 akienda Bara Hindi. Nilipomwambia mama yule kwamba mtakatifu wa kanisa lake aliwahi kukanyaga pwani ya kwetu, akanishika mkono akasema, "Basi wewe si mgeni." Kesho yake akaniletea chapati nyembamba za ngano, kubwa kama ungo. Tangu siku hiyo watoto wangu walimwita Bibi, na mimi aliniita binti.

Bustani yake haikuwa na jani moja la nyasi. Ilikuwa kokoto, mawe makubwa, mti mmoja wa miiba wa jamii ya migunga, na pitaya moja karibu na ukuta wa kusini wa nyumba. Mume wake aliipanda ikiwa kipande tu, mwaka waliponunua nyumba ile, zaidi ya miaka 30 nyuma. Sasa ilikuwa na mashina 14, na refu lao lilikaribia ukingo wa paa. Mume alikuwa amekufa. Bibi alizoea kukaa na kiti chake karibu na mmea ule jioni, akimenya maharage, na nadhani hakukaa pale kwa ajili ya kivuli.

Mwezi Novemba 2010 Bibi alianguka akavunjika nyonga. Binti yake akaja kumchukua akamwuguze mji mwingine. Kabla ya kuondoka aliniita akanipa ufunguo, rundo la mashuka na mablanketi makuukuu, na kapu la vikombe vyeupe vyepesi, vile vya kunywea chai na kutupa. Akaniambia mambo matatu tu: "Binti, wakitangaza baridi, ifunike jioni. Asubuhi ifunue. Na usiimwagie maji hata tone mpaka joto lirudi."

Nikaitika, "Sawa, Bibi." Lakini moyoni nilicheka. Mmea wa jangwani kufunikwa blanketi kama mtoto! Sisi Ugogo tumeona nini?

NILIVYOFANYA

Desemba nilifunika mara mbili. Si kazi nyepesi, msomaji. Unapanda ngazi, unavisha kila ncha kikombe chake, unatupa mashuka juu, miiba inakuchoma vidole, na mtoto analia ndani. Mara ya tatu sikufunika, na asubuhi mmea ulikuwa kijani vile vile. Mara ya nne sikufunika tena. Nikasema, kumbe wazee wana hofu nyingi.

Januari ilikuwa kavu. Udongo wa Bibi ulikuwa vumbi. Nami katika kukua kwangu nilifundishwa kwamba mwenye maji akiunyima mmea ni mchoyo. Nikaumwagia ndoo mbili Jumamosi moja, na ndoo mbili Jumamosi iliyofuata. Nikaona nimetenda wema.

Tarehe 2 Februari 2011 redio ilitangaza kwamba usiku ule baridi itashuka mno chini ya sifuri. Mimi kazi yangu ni kutunza wazee katika nyumba yao, na siku ile nilikuwa na zamu ya usiku. Alasiri nikafunga bomba letu kwa matambara, nikaingiza ndani makopo yangu ya mchicha na pilipili. Nikatazama juu ya ukuta, nikaiona pitaya. Ngazi ilikuwa nyuma ya nyumba. Saa ilikuwa imekwenda. Nikasema: "Usiku mmoja tu. Itavumilia."

Angalia, msomaji, vya kwangu nilivificha vyote. Cha mwenzangu, nilichopewa kama amana, ndicho nilichokiachia Mungu.

Usiku ule watu wa Tucson wanaukumbuka mpaka leo. Mabomba ya maji yalipasuka mjini kote, na katika nyumba nyingi gesi ya kupashia joto ilikatika, watu wakajikunyata katika mablanketi. Niliporudi asubuhi nikapita kwanza kwa Bibi. Pitaya imesimama, kijani. Nikashukuru. Usiku wa pili nikaifunika, kama mtu anayefunga zizi mwizi amekwisha kupita.

Baada ya siku chache ncha zikapauka, zikawa na rangi ya ndizi iliyochemshwa. Halafu zikawa njano, halafu nyeusi, zikalainika hata kidole kingeingia. Mashina yote 14. Baadaye nilielewa sababu. Maji yaliyomo katika ncha changa huganda, yakiganda huupasua mwili wa ndani, na kisichokuwa na uhai huoza. Na zile ndoo zangu nne zilizidisha hatari. Dungusi iliyoachwa na kiu wakati wa baridi hunywea na kukaza ngozi. Iliyonyweshwa huvimba ikawa laini, ikingojea kudhurika. Wema wangu ulikuwa umeiandaa kwa kifo.

JAMBO LA AIBU

Bibi alikuwa akipiga simu kila Jumapili. Jumapili ile, baada ya kuuliza habari za watoto, akauliza, "Na pitaya yangu haijambo?"

Nikajibu, "Haijambo, Bibi."

Mwanangu wa kiume, wa miaka saba wakati ule, alikuwa mezani akichora. Akainua macho. "Mama, si imeoza?" Nikafunika simu kwa mkono nikamwambia, "Nyamaza."

Jumapili tatu nilijibu hivyo hivyo. Nilijipa sababu nzuri: Bibi ni mgonjwa, habari mbaya itamrudisha nyuma, nitamwambia akipona. Sababu nzuri hazikosekani. Halafu jioni moja nikamwuliza mwanangu, "Umemaliza kazi ya shule?" Akasema, "Nimemaliza." Nilifungua daftari nikakuta ukurasa mweupe. Lakini kilichonichoma si daftari. Ni kwamba alinijibu kwa sauti ile ile niliyoitumia mimi kwenye simu, nyepesi, ya haraka, macho pembeni. Mtoto alikuwa amesoma somo, tena kwa mwalimu wake wa nyumbani.

Kwaresima ilikuwa imeanza. Sikungojea Jumapili. Nilipiga simu usiku ule, mwanangu ameketi karibu, nikasema: "Bibi, nimekudanganya. Sikuifunika. Ncha zote zimekufa."

Pakawa kimya kirefu hata nikadhani simu imekatika. Kisha akauliza, "Zimekufa kiasi gani?" Nikasema, shibiri moja, mengine zaidi. "Chini yake?" Nikasema, gumu, kijani. "Umekata?" Nikasema, bado. Akasema: "Usikate lile gumu hata kidogo. Ngoja mpaka Juni. Na kesho nenda kwenye lile shina la zamani lililo karibu na dirisha, ulitazame toka chini hata juu. Kisha uniambie umeona nini."

Kesho yake nilikwenda na mwanangu. Shina lile halikunyooka sawasawa. Lilikuwa na mahali pawili lilipobana, kama shingo ya kibuyu, kisha likanenepa tena na kuendelea juu. Mara nyingi nilipaona, sikuuliza. Nilipomwambia Bibi, akacheka kidogo. "Hizo ni alama za baridi," akasema. "Kila shingo ni kipupwe kimoja ambacho mume wangu alisahau. Ncha huumia, mmea hupumzika, kisha hutoka upya. Pitaya haifichi mwaka wake mbaya."

Halafu akasema jambo jingine, ambalo sitalisahau. "Binti, mimi nilikuwa nasikia. Zamani ulikuwa unanisimulia kila kitu, paka, takataka, barua. Wiki hizi kuhusu pitaya ukawa unanijibu neno moja."

Nilimwomba radhi. Nikamgeukia mwanangu nikamwomba radhi naye, kwa sababu nilimwambia anyamaze aliposema kweli. Alinitazama sana, akaenda kuleta daftari lake.

ILIVYORUDI

Bibi alirudi mwezi Mei akitembelea chuma cha kuegemea. Hakunigombeza. Aliketi kwenye kiti chake akaniongoza kama fundi anavyomwongoza mwanafunzi. Mashina 11 yalianza kutoa machipukizi mwezi Juni, chini kidogo ya mahali palipokufa. Mashina matatu uozo ulikuwa unashuka, nayo tuliyakata: kisu kikali kilichosafishwa, kata mpaka ufike kwenye nyama nzima isiyo na doa, kata kwa mshazari ili maji ya mvua yatiririke, kisha paka unga wa salfa, ule ule unaopulizwa kwenye mikorosho kule Mtwara, na uache jeraha likauke kwa hewa.

Mwaka 2012 akanipa kipande chenye urefu wa nusu meta, nikipande upande wangu. Nakuandikia alivyonifundisha, maana yanafaa kwa dungusi nyingi.

Kwanza, kipande kilichokatwa hakipandwi siku hiyo. Kiweke kivulini mahali pakavu kwa wiki kadhaa mpaka jeraha lifunge ngozi ngumu. Ukikipanda kibichi kitaoza. Pili, kabla ya kukikata, weka alama ya chaki upande uliokuwa unaelekea jua kali, ukipande ukiutazamisha huko huko. Ngozi ya upande wa kivuli haikuzoea jua, itaungua. Tatu, udongo uwe wa kupitisha maji upesi: mchanga wa mtoni na changarawe, juu ya kichuguu kidogo, si shimoni. Jangwani dungusi nyingi za bustani huuawa na maji kuliko kiu. Nne, panda joto likiwa limekwisha kurudi, ili mizizi ipate msimu mzima wa kushika kabla ya baridi. Tano, mwagia wakati wa joto tu, udongo ukiwa umekauka kabisa, halafu punguza mvua za kiangazi zikiisha, na wakati wa kipupwe acha.

Kuhusu baridi: chagua ukuta unaopigwa na jua la kipupwe, na uzungushe mawe makubwa. Usipande bondeni, maana hewa ya baridi hutiririka kama maji ikakaa mahali pa chini. Usiku wa hatari funika kwa nguo, si kwa nailoni inayogusa mmea, na nguo ifike mpaka ardhini, kwa sababu joto unalotaka kulizuia linatoka ardhini. Vikombe juu ya ncha. Asubuhi funua, mmea upate jua na hewa.

Kuna jambo jingine ambalo Bibi alinionyesha porini. Dungusi hizo zinapoota kutokana na mbegu, mara nyingi hazioti peke yake uwanjani. Huota chini ya kichaka au mti wa miiba, na mti ule huikinga na jua mchana na baridi usiku mpaka ikomae. Wenyewe huuita mti mlezi. Nilipouona, niliwafikiria bibi zetu wa kijijini, wanaokaa kimya mlangoni huku wajukuu wakicheza.

NA WEWE ULIYE NYUMBANI

Labda utasema, pitaya ya Arizona inanihusu nini? Ukiwa nyanda za juu, habari ya sakitu inakuhusu. Miche yako ya nyanya na maparachichi huungua kwa sababu ile ile, na nguo iliyotandazwa jioni mpaka ardhini husaidia pale pale. Ukiwa nchi kavu, habari ya changarawe na kichuguu inakuhusu, maana siku hizi hata Afrika Mashariki wako wakulima wanaopanda dungusi fulani kwenye nguzo kwa ajili ya matunda yake mekundu.

Lakini nakuonya jambo moja: usilete nyumbani kila dungusi unayoiona. Huko Laikipia, Kenya, mpungate wa aina moja umetapakaa malishoni, na mbuzi na ng'ombe hula matunda yake, vimiiba vikawaumiza vinywa na matumbo. Mmea mzuri katika bustani ya mtu mmoja unaweza kuwa msiba wa wilaya. Na ukifika Arizona usichimbe dungusi porini. Sheria ya jimbo inazilinda, na bila kibali ni kosa. Omba kipande kwa jirani. Ndivyo pitaya zinavyotembea kutoka nyumba hata nyumba.

Bibi alifariki mwaka 2017, katika usingizi, binti yake akiwa naye. Nyumba iliuzwa. Walionunua ni kijana na mke wake kutoka kaskazini, nchi ya theluji, watu wapole. Kipande changu sasa kimenipita kimo, kina mashina matano, na mwaka juzi kilitoa maua manne. Hufunguka usiku na kufungwa asubuhi, na mwanangu, ambaye sasa ni mtu mzima, alikaa macho nami kuyatazama.

Novemba ile ya kwanza ya majirani wapya nilibisha hodi na rundo la mashuka na kapu la vikombe. Nikawaambia mambo matatu: wakitangaza baridi ifunikeni, asubuhi ifunueni, na msiimwagie maji mpaka joto lirudi. Kijana akatabasamu. Nililitambua tabasamu lile. Akasema, "Lakini, mama, si mmea wa jangwani?"

Sikubishana naye. Nilimshika mkono nikampeleka kwenye lile shina lililo karibu na dirisha, nikamwonyesha zile shingo. Sasa ni tatu.

"Hizi mbili," nikamwambia, "ni za mume wa mwenye nyumba. Hii ya tatu ni yangu."